Umeshonwa meniskasi, umerudi Mtwara: mwongozo kamili wa kulilea goti nyumbani

Nafanya kazi ya fiziotherapia hapa Mtwara, na goti linaloniletea kazi nyingi kuliko yote ni lile ambalo tayari limetengenezwa. Mgonjwa kaenda Dar, kashonwa vizuri meniskasi yake, yaani gegedu lililo kati ya mifupa ya goti, karudi na karatasi zake ndani ya bahasha. Miezi miwili baadaye anaingia mlangoni kwangu akichechemea, goti limepinda kama mundu, paja limekonda. Nikimwuliza alikuwa anafanya nini nyumbani, jibu ni lile lile: "Nilipumzika tu, kama nilivyoambiwa."

Nimeeleza haya kwa simu mara nyingi kiasi kwamba nimeamua kuyaandika yote mahali pamoja. Magoti haya huharibikia sehemu mbili. Ya kwanza, halikunyooshwa mapema. Ya pili, lilikunjwa mno kabla ya wakati wake: chooni, mkekani na mbele ya mbuzi ya nazi. Mwongozo huu umezunguka mambo hayo mawili.

Wiki na nyuzi (yaani digrii za kukunja goti) nitakazotaja ni za kawaida kwa goti lililoshonwa. Kama karatasi ya daktari aliyekupasua inasema vingine, fuata karatasi.

## Kusanya hivi kwanza

Usianze hatua yoyote kabla hujapata vitu hivi. Karibu vyote vinapatikana mtaani.

- Karatasi ya operesheni, siyo ya ruhusa peke yake. Inayotakiwa ni ile iliyoandikwa meniskasi ipi, imechanika vipi, na imekatwa au imeshonwa.
- Magongo mawili yenye mipira mizima chini. Gongo moja halitoshi wiki za mwanzo.
- Kifungio cha goti, kile chenye vyuma pembeni na mikanda, kama ulipewa.
- Taulo 2 na kanga moja iliyochakaa kidogo. Kanga mpya huteleza.
- Stuli au kiti cha mbao chenye urefu wa kati ya sentimita 45 na 50, kilichotobolewa katikati kwa ajili ya choo.
- Tepu ya fundi cherehani, daftari, na kipande cha kartoni chenye kona safi. Kona ya boksi ni nyuzi 90, nayo ndiyo itakuwa kipimo chako.
- Tyubu kuukuu ya baiskeli, mita moja na nusu. Hii ni ya baadaye.
- Barafu. Zile za mifuko midogo zinazouzwa majumbani zinafaa kabisa, mradi usizifunge mguuni bila kitambaa.

## Elewa ngata iliyomo ndani ya goti

Mfupa wa paja una ncha mbili za mviringo upande wa chini. Muundi, yaani mfupa mkubwa wa kati ya goti na kifundo, una uso wa juu ulio karibu bapa. Mviringo juu ya bapa hugusana padogo sana, na padogo hapo ndipo uzito wako wote ungeshukia.

Mwangalie mama anayebeba mtungi. Mtungi una tako la mviringo, kwa hiyo anaviringisha kanga, anaweka ngata kichwani, ndipo anatua mzigo. Ngata haiuzuii mtungi usianguke tu, inautawanya uzito usichome utosi. Meniskasi ni ngata hiyo. Zipo mbili katika kila goti, ya ndani na ya nje, zimekaa juu ya muundi kama miezi miwili michanga inayotazamana. Goti likiwa limenyooka zinabeba kama nusu ya mzigo unaopita hapo. Likikunjwa hadi nyuzi 90 zinabeba kama asilimia 85, na sehemu inayobanwa zaidi ni ya nyuma.

Ngata inafanya kazi kwa sababu ni duara lililofungwa. Ukichana kanga ile kwa kuikata kutoka ndani kwenda nje, au ukafungua fundo lake, mtungi utaikandamiza hadi itawanyike. Ndiyo maana mchaniko unaokata ukingo, au meniskasi iliyong'oka kwenye shina lake juu ya muundi, hulelewa kwa ukali kuliko mchaniko unaofuata urefu wa duara.

Jambo la mwisho: damu inafika kwenye ukingo wa nje tu wa meniskasi. Sehemu ya ndani haina mishipa ya damu, hivyo haiungi kwa urahisi. Uzi aliokushona daktari unashikilia tu, kuunga ni kazi ya damu, na damu hiyo ni kidogo. Usiiharakishe.

## Hatua ya 1: Jua ulichofanyiwa

Fungua bahasha. Kama Kiingereza cha karatasi kinakushinda, nenda nayo hospitali ya Ligula, au Sokoine kwa walioko Lindi, au Ndanda na Nyangao kwa walioko bara, uombe usomewe mstari kwa mstari. Wapo watu walioishi na magongo wiki sita bure kwa sababu walikatwa kipande tu, na wapo waliocheza mpira wiki ya tano wakiwa na nyuzi za mshono ndani.

Ulikatwa kipande, hukushonwa. Utaweza kukanyaga siku zile zile, magongo ni ya siku chache hadi wiki moja, na kikomo cha nyuzi 90 hakikuhusu. Fuata hatua ya 2 na ya 3 vilevile, kisha ruka hadi ya 7. Wengi hurudi kwenye mpira baada ya wiki 6 hadi 8, kama goti halivimbi.

Ulishonwa mchaniko wa kufuata urefu. Kwa kawaida unaruhusiwa kukanyaga kwa magongo, mguu ukiwa umenyooka ndani ya kifungio. Kukanyaga huku umekunja goti hapana.

Ulishonwa mchaniko wa kukatisha ukingo, au shina lilirudishwa kwenye muundi. Hukanyagi kwa muda wa wiki 6 hivi. Hata kidogo.

Umevuka miaka 40, hukupasuliwa, umeambiwa meniskasi imechakaa. Usijione umenyimwa tiba. Kwa goti la namna hii, mazoezi ya wiki 12 huwasaidia wengi sawa na kisu. Anza hatua ya 3 na ya 7. Isipokuwa goti liwe limekwama, yaani halinyooki kabisa kana kwamba kuna jiwe katikati. Hilo halisubiri mazoezi, lirudishe hospitali mapema.

Na kama ulianguka na bodaboda, eksirei ikaonyesha uso wa juu wa muundi umepasuka, mwongozo huu si wako kwa sasa. Mfupa una ratiba yake. Kumbuka pia kwamba eksirei ya kawaida haionyeshi meniskasi, hivyo kuambiwa "picha ni safi" hakumaanishi ngata ni nzima.

Umefanikiwa ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Nimeshonwa meniskasi ya ndani, naruhusiwa kukanyaga mguu umenyooka, kukunja mwisho 90 hadi wiki ya 6."

## Hatua ya 2: Wiki mbili za kwanza, punguza uvimbe na uamshe paja

Safari yenyewe ndiyo mtihani wa kwanza. Dar hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 500 za kukaa. Ukiweza, usisafiri siku za mwanzo kabisa. Ukilazimika, chukua siti ya pembeni mwa njia upande ambao mguu uliopasuliwa utanyooka njiani, pandisha na shusha kifundo mara 20 kila nusu saa, na shuka kila basi linaposimama. Damu iliyolala mguuni huganda.

Nyumbani, inua mguu juu kuliko moyo, mto uwe chini ya kisigino na shavu la mguu. Barafu iliyozungushiwa kitambaa dakika 15 hadi 20, mara 4 au 5 kwa siku. Kidonda kikae kikavu mpaka nyuzi za ngozi zitolewe, mara nyingi kati ya siku ya 10 na 14.

Sasa zoezi lenyewe. Goti likivimba, msuli wa mbele wa paja huzimika kama taa ya mgao. Si uvivu wako: maji ndani ya goti huzuia amri ya ubongo isifike. Usipouamsha siku hizo, utaamka wiki ya sita umekonda nusu.

1. Keti kitandani, mguu umenyooka, taulo iliyoviringishwa chini ya kisigino.
2. Kaza paja kana kwamba unataka kuponda embe lililo chini ya goti.
3. Shikilia kwa hesabu ya 5. Legeza. Rudia mara 10.
4. Fanya mizunguko 5 au zaidi kwa siku.

Umefanikiwa ukiona pia ya goti inapanda kuelekea paja kila unapokaza. Pia isiyosogea ni ishara kwamba unakaza makalio badala ya paja. Weka vidole juu yake uihisi.

Pima uzingo wa paja sentimita 15 juu ya pia ya goti, miguu yote miwili, uandike daftarini. Utarudia kila Jumapili.

Onyo. Usisubiri asubuhi, nenda hospitali usiku huo huo, ukiona moja ya haya: shavu la mguu linauma, limevimba na kupata joto upande mmoja, kifua kinabana au pumzi inakatika ghafla, homa pamoja na goti jekundu la moto, usaha kidondani. Na katika kipindi hiki mtu asikuchue mguu, hata kama ana mkono mwepesi na mafuta ya nazi ya moto. Kuchua shavu la mguu lenye damu iliyoganda kunaweza kuisukuma ile damu hadi mapafuni.

## Hatua ya 3: Nyoosha kwanza, mambo mengine yatafuata

Hapa ndipo wengi wanapofelia, na adui ni mto. Mto laini chini ya goti unaleta raha kwa sababu goti lililovimba hupenda kukaa limekunjwa kidogo. Ukilala hivyo wiki tatu, mfuko unaozunguka kiungo unajifupisha kwa nyuma, na goti halirudi tena bila vita. Nimewahi kuuondoa mto wa namna hiyo mwenyewe nyumbani kwa mgonjwa, mkewe akinitazama kama nimemdhulumu mumewe.

Kwa nini nyuzi chache za mwisho ni muhimu hivyo? Goti linapokaribia kunyooka, muundi hujizungusha kidogo kwenda nje, kama kifuniko cha chupa kwenye mzunguko wa mwisho, na kiungo kinajifunga. Likiwa limejifunga unaweza kusimama foleni ya benki saa nzima paja likiwa limelegea. Lisipofika hapo, paja linafanya kazi muda wote uliosimama. Linachoka, pia ya goti inaanza kuuma kwa mbele, unachechemea, na kiuno kinafuata.

Fanya hivi:

1. Lala chali au keti. Weka kisigino juu ya taulo mbili zilizokunjwa, nyuma ya goti pawe wazi. Acha uzito wa mguu ufanye kazi. Dakika 10, mara 3 au 4 kwa siku. Patavuta kwa nyuma, hilo ni sawa. Maumivu makali ya kuchoma ndani ya goti si sawa.
2. Ukiwa hapo hapo, kaza paja kama hatua ya 2. Unasukuma goti chini kwa msuli wako mwenyewe, hakuna mtu wa kulikalia.
3. Baada ya kidonda kupona, lala kifudifudi, mapaja kitandani, miguu kuanzia juu kidogo ya pia ikining'inia nje ya kitanda. Dakika 5.

Kipimo kiko hapo hapo kwenye zoezi la tatu. Mwambie mtoto atazame visigino vyako kwa nyuma. Kisigino kimoja kikiwa juu kuliko kingine kwa sentimita 3, unadaiwa kama nyuzi 3. Sentimita moja, digrii moja, makadirio hayo yanatosha kwa nyumbani.

Umefanikiwa visigino vikilingana, kabla ya wiki ya 3 kwa waliokatwa na kabla ya wiki ya 4 kwa walioshonwa. Ukifika wiki ya 6 bado unadaiwa nyuzi 5 au zaidi, mrudie fizio au daktari. Usijitibu.

Na asikunyooshe mtu kwa nguvu. Yuko kijana aliyeletwa kwangu akitokea kwa mtu wa mtaani anayeunga mifupa. Goti lilikandamizwa hadi likalia, likajaa maji upya, tukaanza moja.

## Hatua ya 4: Magongo kwenye mchanga

Kwanza urefu. Simama na viatu, mikono ikining'inia. Kishikio kilingane na kifundo cha mkono, na mto wa juu uwe vidole viwili au vitatu chini ya kwapa. Uzito unakaa viganjani. Ukining'inia kwa kwapa utaamka na vidole vyenye ganzi, kwa sababu mshipa wa fahamu unapita hapo.

Walioruhusiwa kukanyaga: magongo mbele, mguu mbovu unafuata katikati yake, kisigino kikitangulia kugusa chini, halafu mguu mzima unapita. Ngazi zina wimbo wake: mzima hupanda kwanza, mbovu hushuka kwanza.

Nyua zetu nyingi ni mchanga, na gongo la mpira mdogo huzama kama fimbo ya mvuvi. Fundi viatu anaweza kukukatia kipande cha tairi, kipana kama kisosi, cha kufunga chini. Ukiingia ndani kwenye marumaru kivue, maana hapo kinateleza.

Bodaboda iache wiki 6. Panda bajaji, kaa nyuma mwenyewe, mguu umenyooshwa juu ya siti. Utalipa nauli ya watu watatu, ndiyo.

## Hatua ya 5: Choo, swala na mbuzi ya nazi

Karatasi nyingi za hospitali huandika "usichuchumae" na kuishia hapo, kana kwamba kila mtu ana choo cha kukaa.

Ukichuchumaa kikamilifu goti linakunjika kupita nyuzi 120 huku limebeba mwili. Mfupa wa paja unabingirika kwenda nyuma juu ya muundi, meniskasi zinasukumwa nyuma pamoja nao, na pembe ya nyuma inabanwa kati ya mifupa miwili. Michaniko mingi inayoshonwa iko sehemu hiyo hiyo. Mzee mmoja wa Mikindani alinigomea kabisa. "Kiti chooni? Mimi si mgonjwa wa kitandani." Nikamwomba akae ukingoni mwa kitanda, akunje ule mguu wake mzima kadiri awezavyo, nikapitisha kiganja changu nyuma ya goti. Paja na shavu la mguu vikaufinya mkono wangu.

"Umeuhisi mkono wangu unavyobanwa, mzee?"

"Naam."

"Sasa ule mwingine una uzi ndani yake."

Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza fundi wa stuli anapatikana wapi.

Choo. Pima kutoka sakafuni hadi mkunjo wa nyuma ya goti lako ukiwa umesimama, ongeza sentimita 5. Huo ndio urefu wa kiti. Kiwe cha mbao, miguu minne iliyotanuka, chenye tundu katikati, kikae juu ya shimo bila kutikisika. Kiti cha plastiki kilichotobolewa kwa kisu cha moto ni rahisi, lakini hupasuka kuanzia kwenye tundu, na nimeona mtu akianguka nacho. Ukutani au kando pigilia mti imara wa kushika. Maji yawekwe juu ya tofali au kimeza ili usiiname kuyatafuta. Ukikaa, telezesha mguu mbovu mbele kwanza, uzito ubaki mguu mzima na mkono, ndipo ushuke. Kuinuka ni kinyume chake. Usiku weka ndoo yenye mfuniko karibu na kitanda na usione haya.

Swala. Kikao cha tahiyatu kinalikunja goti karibu lote, na kusujudu kunaliweka chini ya mzigo. Sheria imemruhusu mgonjwa kuswali ameketi, kwa hiyo swali kwenye kiti, mguu mbele, rukuu na sijda kwa kuinamisha kiwiliwili. Ukiwa na wasiwasi muulize shehe wako, ila muulize mapema, siyo baada ya kuhisi kitu kimekatika. Wanaopiga magoti kanisani nao wakae kwenye benchi. Na kama kwenu wakwe husalimiwa kwa kupiga goti, mtume mtu akaeleze mapema. Wakwe wataelewa, mkiwapa taarifa.

Jikoni. Mbuzi ya nazi ndiyo hatari ninayopigia kelele zaidi, hasa Ramadhani inapokaribia na kila futari inataka tui. Umekaa chini, magoti yamepanda hadi kifuani, na kila unapokuna unayasukuma. Mpe mwingine kazi hiyo, nunua nazi iliyokunwa sokoni, au mwambie fundi aing'oe chuma ya mbuzi aipigilie kwenye ncha ya benchi refu ukune umekaa juu. Jiko nalo lipandishwe juu ya matofali. Kubangua korosho na kupeta mchele, vivyo hivyo: meza na kiti, siyo mkeka.

Mkeka wenyewe uuage hadi mwezi wa 4. Kukunja kwa kina ukiwa umebeba uzito, kupita nyuzi 90, kunasubiri hapo. Kuchuchumaa kabisa kunasubiri mwezi wa 6, na kwa ruhusa.

Umefanikiwa ukimaliza siku nzima, alfajiri hadi kulala, bila goti kuvuka kona ya kartoni hata mara moja. Jaribu kuhesabu siku ya kwanza. Utashangaa.

## Hatua ya 6: Kukunja, kwa kanga

Keti sakafuni juu ya godoro, ukishuka kutoka kitandani kwa msaada. Pitisha kanga chini ya wayo, shika ncha zote mbili, vuta kisigino kuelekea makalio taratibu. Mikono ndiyo inavuta, mguu umelala tu. Weka kona ya kartoni kando ya goti, ukiifikia simama. Mara 10, mizunguko 3 kwa siku, hadi wiki ya 6.

Kwa nini usivute kwa msuli wa nyuma ya paja? Kwa sababu baadhi ya misuli ile ina nyuzi zinazoshikana na meniskasi kwa nyuma, na kuivuta kwa nguvu ni kuuvuta mshono. Baada ya wiki ya 6 endelea kupita 90 bila uzito, nyuzi kama 10 kwa wiki.

## Hatua ya 7: Wiki ya 6 hadi ya 16, rudisha nguvu

Acha magongo siku utakapotembea mita 50 bila kuchechemea, si siku kalenda itakaposema. Kuchechemea ukijifunza, kuna kazi kukusahaulisha.

Simama umeegemea ukuta kwa mgongo, shuka kidogo tu, magoti yasipite nyuzi 60, panda. Mara 10, mizunguko 3. Goti lifuate kidole cha pili cha mguu, lisilale ndani. Funga tyubu ya baiskeli kwenye nguzo, uizungushe nyuma ya goti, simama ukiitazama nguzo, nyoosha goti dhidi ya mvuto wake. Hilo linamalizia zile nyuzi za mwisho za hatua ya 3. Kisha kupanda tofali moja kwa mguu mbovu na kushuka polepole, baadaye matofali mawili.

Baiskeli inafaa, siti ikiwa juu kiasi cha mguu kukaribia kunyooka pedali ikiwa chini.

Na tunayo bahari. Kidonda kikishafunga kabisa, nenda ufukwe wa Shangani maji yakiwa yanajaa taratibu, tembea kwenye mchanga tupu palipokufika kifuani. Hapo maji yamekupunguzia zaidi ya nusu ya uzito wako. Epuka bamvua na epuka penye matumbawe, kuteleza pale ni kupotosha goti. Dakika 20 mara tatu kwa wiki zinamshinda mtu wa mashine za mjini.

Kanuni ya uvimbe inatawala kila kitu: pima uzingo wa goti katikati ya pia jioni na asubuhi. Likiongezeka sentimita moja na asubuhi halijashuka, jana ulizidisha. Pumzika siku moja, rudi nusu yake.

Umefanikiwa paja likipungukiwa na mwenzake kwa sentimita moja au pungufu, na ukashuka ngazi bila kushika ukuta.

## Hatua ya 8: Shamba na mpira

Kukimbia mbele moja kwa moja, mwezi wa 4. Mpira wa kugombea, mwezi wa 6 kwenda mbele, na tarehe peke yake haitoshi. Ruka kwa mguu mzima, tia alama kilipotua kisigino. Ruka kwa mbovu. Ukifika asilimia 90 ya umbali ule, mara tatu mfululizo, bila kuyumba unapotua, unaweza kuanza mazoezi na wenzako. Viwanja vyetu vya mtaani vina mashimo, na daluga inayong'ang'ania ardhi huku mwili unageuka ndiyo iliyokuchana mara ya kwanza. Anza na raba.

Wenye mikorosho: msimu hukuta watu wengi katikati ya matibabu, na korosho haziokotwi zikiwa mtini. Mpaka mwezi wa 4 usiokote kwa kuchuchumaa. Iname kutoka kiunoni, mguu mbovu umenyooshwa nyuma, mkono mmoja kwenye fimbo. Kikapu kibebwe na mwingine, na gunia usilitwishwe. Mchana ukirudi nyumbani pima goti kwa tepu kabla hujala. Kama limeongezeka, kesho unabaki kivulini unahesabu korosho za wenzako.